Rula na Kiti cha Mkwewe

Mdogo wangu hawezi kulala kama viatu vyake vinatazama pande tofauti. Viatu viko chini ya kitanda, yeye yuko juu, taa imezimwa, lakini kama kimoja kinatazama mlango na kingine kinatazama ukuta, usingizi haumjii ng'o. Tulipokuwa wadogo mama yetu alidhani ni ugonjwa. Mimi nilidhani ni ukorofi, na mpaka leo sijabadili mawazo. Kazini kwake wanamwita Rula, na jina limemkaa hivi kwamba hata mkewe akimkasirikia humwita hivyo hivyo.

Naishi nao, kwenye chumba cha uani. Kabla hujauliza: ndiyo, niliolewa, na ndiyo, niliachika, na hiyo si habari ya leo.

Rula anafanya kazi kwenye kiwanda cha viti vya plastiki, vile vya kupangwa kimoja juu ya kingine ambavyo utavikuta popote penye watu wanaosubiri kitu. Punje nyeupe zinamiminwa juu ya mashine, zinapashwa moto mpaka zinakuwa uji mzito, kisha uji unasukumwa ndani ya kalibu, yaani chuma kizito kilichochongwa umbo la kiti kwa ndani. Maji baridi yanapita kwenye vijifereji ndani ya chuma hicho, uji unapoa, kalibu inafunguka, na kiti kinatoka kikiwa bado na joto. Kazi ya Rula ni kuangalia joto na maji, kukitoa kiti, na kukata kikia cha plastiki kinachobaki chini yake. Vikia hivyo huvikata kwa urefu mmoja, ingawa vyote vinaenda kusagwa.

Yangeishia hapo kama kiwanda kisingeajiri mkemia. Alikuwa mama mmoja mcheshi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, anayeanza kucheka kabla hajafika mwisho wa sentensi. Siku moja wakati wa chai aliwaeleza wafanyakazi kwamba plastiki yote, hata ndoo ya chooni, ni minyororo mirefu sana isiyoonekana kwa macho. Kwenye plastiki ya viti vyao, mnyororo una vitawi vidogo pembeni, kimoja baada ya kingine. Vitawi vyote vikikaa upande mmoja, basi uji unapopoa minyororo hujikunja na kulala ikipakana, safu kwa safu, mpaka inatengeneza fuwele, kama za chumvi ila ndogo mno. Fuwele hizo ndizo zinazokipa kiti ugumu. Vitawi vikikaa hovyo, kimoja huku kingine kule, minyororo haipakani hata ukiipoza mwaka mzima, na plastiki yake inabaki laini, inanata vidoleni.

Wenzake walimaliza chai wakaondoka. Rula alibaki na kikombe mkononi, machozi yakimlenga. Tangu utotoni alikuwa anaambiwa ana matatizo, na sasa mtu aliyesoma amemwambia kwamba kiti kinasimama kwa sababu kuna vitu vimekubali kukaa mstarini.

"Na ukipoza taratibu," mkemia akaongeza, "fuwele zinapata nafasi ya kukua. Ukipoza haraka zinakatizwa njiani, zinabaki ndogo."

Mkemia alikuwa na maneno mengine ya kuongeza, lakini Rula alikuwa ameshainuka.

Alifika nyumbani akihema. "Dada! Weka kisu chini."

"Nakata vitunguu."

"Weka kisu chini nikwambie kwa nini kiti kinasimama."

"Kwa sababu kina miguu."

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Nikaelezwa minyororo, nikaelezwa vitawi, nikaelezwa fuwele, na vitunguu vikanisaidia kuonekana nimeguswa.

Haikupita muda akamwomba msimamizi wake ruhusa ya kutengeneza kiti kimoja cha nyumbani. Akabana maji baridi mpaka yakawa yanapita kwa kusitasita, akakiacha kiti kipoe kwa raha zake ndani ya kalibu, minyororo ijipange bila kusukumwa na mtu. Kiti kilitoka kigumu kama jiwe, rangi imefifia kidogo, na kidogo kuliko ndugu zake, kwa sababu minyororo ikijipanga vizuri inabanana na kitu kizima kinasinyaa. Rula alikileta nyumbani amekikumbatia. Akakiweka sebuleni na kutangaza kwamba hakuna wa kukikalia mpaka aje mgeni wa heshima.

Mgeni huyo tulikuwa tunamjua. Wifi yangu alikuwa na mimba ya kwanza, imefika mahali ambapo kuvaa soksi ni safari, na alichokitaka duniani ni kimoja tu: mama yake aje akae naye, amshike mkono siku ya kujifungua. Nilishamwambia mimi nipo. Akaniambia, "Asante wifi, lakini wewe unapiga kelele." Ni kweli, napiga. Mama yake anakaa mitaa michache kutoka kwetu, fundi cherehani, mwanamke mnene, mtulivu, ambaye hata pini akiitoa mdomoni huitoa kwa heshima. Alikuja siku ya mapumziko, mchana, ili tupange lini ahamie kwetu.

Tulikuwa hatujamaliza hata salamu. Rula alitusimamisha wote katikati ya sebule.

"Sasa sisi ni mnyororo," akasema. "Shikaneni mabega. Kila mtu anyooshe mkono wa kulia. Hicho ndicho kitawi chako."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mkewe, tumbo mbele, alinyoosha mkono huku akicheka. Mimi nilinyoosha ili yaishe. Mama mkwe akanyoosha wa kushoto.

"Mama, samahani, wa kulia tafadhali."

"Bega la kulia linaniuma, mkwe. Hata kushona siku hizi nashona kwa shida."

Rula akafikiri. Nilimwona anafikiri, nikamkonyeza, nikamkodolea macho, nikakohoa. Hakuna kilichosaidia.

"Sawa mama," akasema kwa upole kabisa. "Basi wewe utakuwa kasoro."

Kasoro! Mama wa mkewe! Ndani ya nyumba aliyokaribishwa! Mama wa watu alivumilia, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema amechoka kusimama. Rula akaruka, akakivuta kile kiti chake, akakipangusa kwa leso. Mama akakaa.

Kiti hakikulia wala hakikuyumba. Kilikatika tu, paa, kama biskuti, mguu mmoja ukaruka mpaka kwenye kabati, na mama mkwe akawa sakafuni, miguu mbele, kilemba usoni.

Mimi na wifi tulimkimbilia. Rula alikimbilia kabati. Aliokota mguu wa kiti, akaupeleka dirishani penye mwanga, akaugeuza, akapitisha kidole pale ulipokatikia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa zawadi:

"Fuwele zimekua kubwa mno!"

Mama mkwe aliondoa kilemba usoni, akamtazama yule mwanaume aliyempa binti yake. Tulimwinua mimi na mwanawe, akajikung'uta, akachukua mkoba wake.

"Nyumba ambayo mguu wa kiti unathaminiwa kuliko wangu," akasema, "mimi sina kazi nayo."

Akaondoka. Rula aligeuka akiwa bado na mguu mkononi, akauliza, "Mama anakwenda wapi?"

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na wakazi watatu na maneno machache. Wifi aliweka msimamo wake mezani pamoja na chumvi: mama asipokuja, hajifungui.

"Mke wangu, hiyo haiwezekani," Rula akasema.

"Utaona."

"Mtoto akitaka kutoka, anatoka."

"Nimeshaongea naye. Atasubiri."

Usicheke. Nilikuwa nasikia akilia bafuni akidhani maji yanamficha. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa hutaka mama yake, si kitu kingine. Nikamvuta mdogo wangu uani.

"Nenda kwa mama mkwe. Mwambie pole. Basi."

"Pole ya mdomo mtupu? Dada, mimi ndiye niliyekitengeneza kile kiti. Nikienda mikono mitupu ataona namdhihaki. Nitampelekea kiti kisichovunjika. Hapo atajua nimejuta."

"Anataka neno, hataki samani."

"Neno linasahaulika," akasema. "Kiti kinakaa."

Ningempiga kwa mwiko, lakini nilikuwa nimeuacha jikoni.

Akaanza upya. Kwa kuwa fuwele zilizidi, aliamua kuziadhibu. Aliomba punje za ile aina isiyo na mpangilio, zile zinazonata, akazichanganya bila huruma, akafungulia maji baridi mpaka mwisho ili minyororo ishikwe kabla haijajua ilipo. Kiti kilitoka kinang'aa vizuri, unakaribia kuona upande wa pili. Kipimo cha majaribio nilikuwa mimi. Sijawahi kuambiwa kwa nini nilichaguliwa mimi, na sikuuliza, kwa sababu kioo ninacho, na mwili wangu naujua.

Nikakaa. Kiti kikapokea. Nikaanza kushuka taratibu, kwa staha, miguu yake minne ikitanuka kila mmoja upande wake, mpaka nikatua sakafuni bila hata kumwaga chai niliyoshika. Kwa kweli sijawahi kuanguka vizuri namna ile. Rula alishika kichwa. Wifi, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aondoke, alicheka mpaka akashika tumbo, kisha cheko likageuka kilio, akaenda kulala.

Kesho yake Rula alimwendea mkemia na viti vyote viwili, kile kilichokatika na kile kilichoinama. Alinisimulia jioni, na hii sehemu nilimsikiliza kweli. Mkemia alicheka kwanza, bila shaka, halafu akamwambia alichotaka kumwambia siku ile ya chai. Fuwele zikikua kubwa mno, kila moja inajifungia kwake, na mipaka kati yao inakuwa dhaifu. Ukikandamiza, ufa unapita hapo hapo mpakani kama mtu anayejua njia. Kinachotakiwa ni minyororo iliyojipanga, sawa, lakini yenye pete chache za aina nyingine zimeingizwa katikati. Pete hizo zinakatisha mpangilio kidogo, fuwele zinabaki za wastani, na kati ya fuwele na fuwele panabaki minyororo legelege inayozishikilia pamoja. Kiti cha namna hiyo kikielemewa kinakubali kidogo, halafu kinarudi.

"Kwa hiyo," Rula akamuuliza, "kasoro ndiyo inayoshikilia kiti?"

"Kasoro kwa kipimo," mkemia akasema. "Ukijipanga kabisa, unavunjika."

Rula alinisimulia hayo akiwa amekaa kwenye ngazi ya uani, ameduwaa. Nilidhani sasa ameelewa. Nilikaribia kumkumbatia.

"Sasa najua cha kuchanganya!" akasema, akakimbilia zamu yake.

Kiti cha tatu kilikuwa, kusema ukweli, kiti. Nilikikalia, nikakiyumbisha, nikakiegemea, nikainuka ghafla nikakirudia kwa hasira zangu zote za miaka. Kilikubali kidogo, kikarudi. Rula alikuwa anakizunguka akikisifia pembe zake, na hapo ndipo wifi alipotokea mlangoni ameshika ukuta, uso umebadilika.

"Yameanza," akasema. "Kwa mbali. Lakini yameanza." Kisha akamtazama mumewe, na hakupandisha sauti. "Namtaka mama yangu."

Jirani yetu, mkunga wa zahanati, aliitwa akaja kukaa naye, akasema bado kuna muda. Rula alijitwika kiti kichwani akatoka mbio, nami nyuma yake, kanga mkononi, pumzi shingoni. Njiani kila tuliyekutana naye alitaka kujua kama tunahama. Kinyozi wa pembeni ya nyumba ya mama mkwe alitoka na mkasi mkononi, mteja aliyenyolewa nusu kichwa nyuma yake, ili asipitwe na chochote.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameegemea fremu. Alitutazama kuanzia kichwani kwa Rula, yaani kwenye kiti, mpaka chini.

"Karibuni. Na hicho nini?"

"Kiti, mama."

"Nakiona. Kimekuja kuvunja upande uliobaki?"

"Hapana mama, hiki kina pete za aina nyingine katikati ya mnyororo, kwa hiyo fuwele zake..."

Nikamkanyaga. Mama mkwe akanyoosha kidole sakafuni kwenye kibaraza.

"Kiweke hapo. Kikalie wewe."

Rula akakiweka, akakikalia, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Kiti kilimbeba vizuri sana na hakuna aliyejali.

"Sasa niambie, mkwe. Siku ile nilipokuwa chini, uliona nini?"

Niliomba adanganye. Ningekuwa mimi ningedanganya mara mbili kwa pamoja. Lakini mdogo wangu hajui kudanganya. Uongo ungemtoka nje ya mstari.

"Niliona mguu, mama."

"Upi?"

Kinyozi aliacha hata kupumua.

"Wa kiti."

"Na wangu?"

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Rula alipomtazama mama mkwe mwenyewe. Nami nikatazama. Hakuwa ameegemea fremu kwa maringo. Kifundo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimefungwa bendeji, kimevimba, na kisigino hakikuwa kinagusa sakafu. Muda wote huo yeye ndiye aliyekuwa amesimama na Rula ndiye aliyekuwa amekaa.

Rula aliinuka kwa kasi mpaka kiti kikapinduka nyuma yake. Hakukitazama. Alipiga magoti kibarazani, mbele ya kinyozi na mteja wa nusu kichwa, akaushika ule mguu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika yai.

"Mama, uliumia," akasema. "Pole. Pole sana, mama. Nilikuita kasoro, halafu nikakuangusha, halafu sikukuinua. Sikukuuliza hata umeumia wapi. Pole."

Kidevu kilimtetemeka mama mkwe, akakituliza.

"Ni hilo tu," akasema. "Mitaa mitatu, mkwe. Ningekuwa nakusubiri kutoka nchi nyingine ningeelewa."

"Mama, mwanao ameanza uchungu," nikasema, kwa sababu mtu mmoja lazima awe na akili.

"Kwa nini hamkusema mlipofika!" Akageuka akiruka kwa mguu mmoja. "Mkoba wangu uko nyuma ya mlango. Ulete."

Niliingia kuuleta. Ulikuwa umefungwa tayari, umetuna, vijinguo vyeupe vya mtoto alivyovishona kwa lile bega bovu vikichungulia kwenye zipu. Juu yake palikuwa na vumbi. Alishafungasha kitambo, na kila siku alikuwa anaupita hapo akichechemea, akingoja mtu aje. Nilisimama na ule mkoba kifuani, nikalia kama mjinga, kisha nikajifuta kwa kanga nikatoka.

Kutembea alikuwa hawezi. Kwa hiyo tulimkalisha kwenye kiti, Rula akashika upande mmoja, kinyozi upande mwingine, wakamnyanyua. Mteja alibaki na nusu kichwa chake mlangoni akiuliza atanyolewa lini. Tukaenda hivyo katikati ya barabara, mama mkwe juu, kilemba kimenyooka, mkono mmoja umeshika bega la Rula. Kiti kilipokea uzito wote ule, kikakubali kidogo kila hatua, kikarudi, na yule aliyekihangaikia usiku na mchana hakukiinamia hata mara moja. Alikuwa anatazama mguu.

"Mama, unauma?" akauliza tulipovuka mtaro.

"Kidogo."

"Mama, unauma?" kwenye shimo la kwanza.

"Kidogo, mkwe."

"Na sasa, mama? Niupandishe juu? Tupumzike? Unauma?"

Mama mkwe alimpiga kofi dogo la begani.

"Unauma, mwanangu," akasema. "Unauma sana. Tembea, mwenzio anatusubiri."

Rula alisikia alivyoitwa. Najua alisikia, kwa sababu alipoteza hatua na kinyozi akamtukana. Wifi alikuwa dirishani, ameegemea mikono yake miwili, na alipotuona tunakata kona alianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akimwita mama yake kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. Mama mkwe alimwitikia kutoka kule juu, akaanza kushuka hata kabla hatujamtua.